Peninsula: filme ya Korea iliyopita bila kusimama

BUNIA – Watu walianza kuingia katika chumba cha video mbele ya saa kumi na mbili jioni. Ni chumba cha mbao na mabati, chenye benchi kumi, televizyo moja kubwa na jenereta inayonguruma nyuma ya ukuta. Kila mmoja alilipa franka 500. Wiki nzima vijana wa kartiye walikuwa wakihesabu siku, kwa sababu filme iliyoahidiwa ilikuwa Peninsula, ya Korea Kusini. Wengi wao walikwisha kuona ile iliyoitangulia, Train to Busan, wengine mara tatu au nne, na walijiambia kwamba mtu aliyetengeneza ile hawezi kuwaangusha.

Kwenye benchi la mwisho alikaa baba mmoja ambaye majirani wanamwita Mwalimu. Alifundisha shule ya msingi kijijini mwao mpaka vita vilipomhamisha pamoja na familia yake. Leo anakaa kwa shemeji yake mjini na anabeba mizigo sokoni. Hana mapenzi na filme za mazombi. Alikuja kwa sababu mwanawe wa kwanza, mwenye miaka kumi na sita, alimwambia: «Papa, hii si ya mazombi tu. Ni ya wakimbizi.»

Ili kuelewa kiu ya jioni ile, lazima kurudi kwenye filme ya kwanza. Mwongozaji Yeon Sang-ho alikuwa mtu wa katuni. Train to Busan, ya mwaka 2016, ndiyo ilikuwa filme yake ya kwanza yenye waigizaji. Nchini Korea ziliuzwa tiketi zaidi ya milioni 11. Hadithi yake ni ndogo. Baba mmoja wa Seoul, mtu wa kazi za fedha, anapanda treni na binti yake, Su-an, ili kumpeleka kwa mama yake huko Busan. Ugonjwa unaogeuza watu kuwa mazombi unaingia katika treni. Su-an anampisha bibi mzee kiti, na baba anamkemea: wakati kama huu kila mtu ajiangalie mwenyewe. Filme yote ni safari ya baba huyo, anayejifunza utu kutoka kwa mtoto wake. Kuna mahali ambapo abiria walio salama wanafunga mlango wa behewa na kukataa kuwafungulia wenzao walionusurika. Wahami wa vita waliokuwa ndani ya chumba hawakuhitaji mtu wa kuwafasiria sehemu hiyo walipoiona.

Kwa Wakorea wenyewe, jina la Busan lina uzito. Katika vita vya mwaka 1950 hadi 1953, mji huo wa kusini ulikuwa kimbilio la mwisho na makao ya muda ya serikali. Desemba 1950, meli ya mizigo ya Marekani iitwayo Meredith Victory iliondoka bandari ya Hungnam, upande wa kaskazini, ikiwa imebeba wakimbizi kama 14,000 waliobanana hata pa kukaa hapakuwa. Watoto watano walizaliwa safarini. Filme ya Korea inapoanza na watu wanaokimbilia bandari, wazee wa kule wanajua inagusa nini.

Peninsula inaanza hivyohivyo. Kapteni wa jeshi, Jung-seok, anayeigizwa na Gang Dong-won, anaendesha gari kuelekea bandarini. Amembeba dada yake, shemeji yake na mtoto wao. Kando ya njia kuna familia nyingine yenye mtoto mdogo, inaomba kubebwa. Jung-seok anaangalia, kisha anakanyaga mafuta. Anawaacha pale. Baadaye, katika meli, ugonjwa unalipuka, na dada yake na mtoto wanakufa. Kapteni aliyekataa wengine ili kuokoa wake, hata wake hakuwaokoa.

Mwalimu alijikunyata mbele, viwiko juu ya magoti. Kijana wake alimwangalia mara mbili.

Miaka minne inapita. Jung-seok na shemeji yake wako Hong Kong. Nchi yao imefungwa, hakuna anayeingia wala kutoka. Hawana makaratasi wala kazi ya heshima. Wakiingia mahali pa kula, wenyeji hawataki kukaa karibu nao, wanawaona kama watu wa magonjwa, wanafukuzwa kwa maneno. Sehemu hiyo ni fupi sana, lakini chumba chote kilinyamaza. Mama mmoja aliyekuwa mbele alisema kwa sauti ya chini: «Ni vile vile.» Hakuna aliyemuuliza vile vile kama nini.

Basi hapo ndipo watu walipoketi vizuri, wakingoja filme iende huko. Haikwenda. Wanaume wenye fedha wanawapa wakimbizi hao kazi: warudi Korea kwa siri, watafute lori lenye dola milioni 20, na nusu itakuwa yao. Kutoka hapo Hong Kong inasahauliwa, na filme inakuwa ya magari.

Lazima kusema haki yake. Kwa macho, Peninsula ni nzuri. Mji uliokufa, majani yakiota juu ya magari, unapigwa picha kwa ustadi. Mazombi hawaoni vizuri gizani, kwa hiyo mwanga na kelele ndizo silaha. Msichana aitwaye Jooni anaendesha gari kama dereva wa vita, na mdogo wake anawavuta mazombi kwa vigari vya kuchezea vyenye taa na muziki. Vijana walipiga makofi, na walikuwa na sababu. Kuna pia wazo zito: kikosi cha askari nambari 631, kilichotumwa kuokoa watu, kimegeuka kuwa hatari kuliko mazombi. Kinawakamata wanaonusurika na kuwatupa uwanjani mbele ya mazombi, askari wakitazama na kuweka dau.

Wazo kama hilo lingeweza kubeba filme nzima. Askari aliyekuja kukulinda anafikaje kukuchezea? Filme haiulizi. Inawapa askari hao kelele, ulevi na bunduki, basi. Mazombi nao, ambao katika treni walitisha mpaka watu wakaficha macho, hapa wamekuwa vitu vya kukanyagwa na magurudumu. Mbio za mwisho zinaonekana zimetoka katika mchezo wa kompyuta, na gari halina uzito wa chuma. Korea kwenyewe, filme ilitoka Julai 2020, wakati wa Covid, na watu kama milioni 3.8 waliingia kuiangalia, si haba kwa mwaka ule. Lakini wengi walioipenda treni walitoka na lalamiko moja: uzuri mwingi, moyo kidogo.

Kilichomuumiza Mwalimu kilikuwa kingine. Mama aliyeachwa njiani, Min-jung, hakufa. Ni yeye na watoto wake wanaomwokoa Jung-seok. Mwanaume anamtambua. Hiyo ndiyo saa ambayo baba wa benchi la mwisho alikuwa akiingoja tangu mwanzo: aliyepita na aliyeachwa wamekaa chumba kimoja. Watasemezana nini? Wanasemezana kidogo tu, halafu injini zinawashwa tena.

Mwishoni filme inajaribu kulipa deni hilo. Min-jung amenaswa, mazombi wanakuja, na mara hii Jung-seok anarudi nyuma kumchukua. Lakini inafanywa kwa mwendo wa polepole, kwa muziki na machozi yanayorefushwa mpaka watu kadhaa ndani ya chumba wakaanza kucheka. Mzee mmoja wa kundi hilo, ambaye miaka yote alikuwa akiita kwa redio na wenzake wakimwona mwenda wazimu, anakufa dakika chache mbele ya helikopta ya Umoja wa Mataifa kutua. Redio yake ilikuwa inasikika kweli. Hata hilo linapita haraka. Helikopta inapaa, na filme inakwisha. Watalala wapi kesho, nani atawapa makaratasi, nani atakubali kula karibu nao, mwongozaji aliyetuonyesha Hong Kong hasemi tena.

Nje, jenereta ikiwa imezimwa, mabishano yalianza. Kijana wa Mwalimu aliitetea filme. Alisema treni ilikuwa na mlango mmoja na njia moja, haiwezekani kufanya kitu kilekile mara mbili. Tena msichana dereva ni mzuri kuliko shujaa yeyote wa filme ya kwanza. Mwenzake alisema amelipa franka 500 kuona mbio za magari ambazo Wamarekani walizifanya zamani. Mwalimu aliulizwa na yeye aseme.

«Walianza vizuri,» alisema. «Walishika kidonda, kisha wakaogopa kukifungua.»

Walipokuwa wakirudi nyumbani, baba na mtoto, gizani, bila kuharakisha, Mwalimu alieleza kitu ambacho hakuwahi kukieleza. Siku ya kukimbia alikuwa na pikipiki ya kuazima. Alimbeba mama yao na watoto wawili wadogo, huku mkubwa akiwa amekwisha tangulia na mjomba wake. Karibu na daraja, mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mihogo sokoni, ambaye watoto wake walisoma katika darasa la Mwalimu, alinyosha mkono. Alikuwa na mtoto mgongoni. Pikipiki ilikuwa imejaa, ni kweli. Ni kweli pia kwamba hakupunguza mwendo.

Kijana alikaa kimya muda. Kisha akauliza: «Papa, jina lake unalijua?»

Mwalimu alilijua, na alilitaja. Siku ya pili yake, kabla ya kwenda sokoni kutafuta mizigo, wawili hao walipita kambini, pale orodha za familia zilizofika zinapoandikwa, wakauliza kama jina hilo limo. Hawakulipata siku hiyo. Waliambiwa warudi Ijumaa.