Petroli Waokoe Wao, Bili Alipe Binamu Yangu

Kuna kitu nimetaka kusema tangu Agosti. Najua wengi wenu hamjawahi kufungua boneti ya gari, lakini ngojeni kidogo. Hii ni stori ya pesa, gari imeingia tu kwa sababu ndiyo ilizila.

Binamu yangu anaishi Dallas, Texas. Ana pikapu ya V8 aliyonunua ikiwa imetumika, na ndiyo kazi yake: anabeba fanicha, friji, mizigo ya watu wanaohama. Karo ya ndugu yangu mdogo, kidato cha tatu, hutoka kwa hiyo pikapu. Kwa hivyo injini ilipoanza kulia tik tik tik ikiwa na maili 118,000, karibu kilomita 190,000, hiyo sauti ilifika mpaka Roysambu. Wiki iliyofuata ikaanza kumisi, taa ya injini ikawaka, na gereji moja ya huko ikamwambia alete dola 4,800. Hizo ni zaidi ya laki sita za Kenya, kwa sababu ya kipande cha chuma kinachotosha kiganjani.

Hicho kipande Wamarekani wanakiita lifta. Ukienda Kirinyaga Road, pale Grogan, fundi atakuambia tapeti, na mimi nitabaki na neno la fundi. Kazi yake ni rahisi. Kamshafti inazunguka ndani ya injini ikiwa na nundu. Nundu inasukuma tapeti, tapeti inasukuma fimbo ndefu, fimbo inasukuma mkono ulio juu, valvu inafunguka. Silinda 8, valvu mbili kila moja, tapeti 16. Mambo hayo yamekuwepo miaka na miaka na hayana shida.

Shida ni ujanja uliowekwa juu yake. Ukiwa kwa barabara kuu unatembea polepole bila mzigo, V8 haihitaji nguvu yote. Basi wahandisi wakasema silinda nne zilale. Kwa hii ya binamu yangu ni namba 1, 4, 6 na 7. Tapeti 8 za hizo silinda zina pini ndogo ndani. Kompyuta ikiamua, inafungua njia ya mafuta ya injini, presha ya hayo mafuta inasukuma pini ndani, na tapeti inaanza kujikunja kama darubini. Nundu inaisukuma lakini fimbo haisongi. Valvu zinabaki zimefungwa, silinda imelala. Ukikanyaga, pini zinarudi na zote nane zinafanya kazi. Dereva hata hatambui.

Lazima nikubali ni akili. Mimi napenda vitu kama hivi. Lakini sasa una tapeti yenye vipande vidogo vinavyotegemea mafuta safi na presha sawa, kwa maelfu ya maili, mikononi mwa watu ambao wengine hubadilisha oili wakikumbuka. Pini ikikwama, valvu haifunguki tena vizuri. Ama roli ya chini ya tapeti inaharibika, na badala ya kubingirika juu ya kamshafti inaanza kuisugua. Ikifika hapo, kamshafti pia imeenda.

Na hii si mara ya kwanza. Cadillac ilijaribu kulaza silinda mwaka wa 1981 na injini iliyoitwa V8-6-4. Elektroniki za wakati huo hazikuwa zimeiva, na kwa magari mengi mpango huo uliachwa baada ya mwaka mmoja. Ulirudi kwa nguvu Marekani katikati ya miaka ya 2000, kompyuta zikiwa zimekomaa. Chuma nacho ni kilekile.

Kwa nini kampuni ihangaike hivyo? Hapa ndipo damu yangu ilichemka. Marekani ina sheria ya mwaka wa 1975, iliyotoka baada ya shida ya mafuta ya 1973, inayopima wastani wa matumizi ya mafuta ya magari yote mapya ambayo kampuni inauza. Wastani, si gari moja. Kwa hivyo kiasi kidogo kikiokolewa kwa kila pikapu, mara pikapu laki kadhaa, kwa kampuni ni kitu kikubwa sana.

Kwa binamu yangu je? Niliacha chuo mwaka wa pili nikisomea uhasibu, kwa hivyo hii hesabu naiweza. Anachoma galoni kama 900 kwa mwaka. Tuseme ujanja huo unamwokolea asilimia 5, na nimekuwa mkarimu, maana pikapu iliyojaa friji hailali silinda mara nyingi. Hizo ni galoni 45. Kwa dola 3 galoni, ni dola 135 kwa mwaka. Gawanya 4,800 kwa 135. Miaka 35, manze! Itabidi aendeshe hiyo pikapu miaka 35 bila kuharibika tena ndiyo arudishe pesa ya kurekebisha kitu kilichowekwa kumwokolea pesa. Na aliyeinunua ikiwa mpya alishaiuza akaenda zake.

Sijasema tuchome mafuta ovyo. Hewa ni yetu sote, hata mimi napumua moshi wa Thika Road kila siku. Ninachouliza ni nani anabeba hatari. Mwenye kusifiwa ni mmoja, na mwenye kununua gasketi ni mwingine.

Binamu akaamua kufanya mwenyewe, kwenye maegesho ya rafiki yake, jioni baada ya vibarua. Mimi nilikuwa msomaji. Saa nane ya usiku Nairobi, saa kumi na mbili jioni Dallas, simu ya video imeegemezwa kwa betri, mimi nasoma kitabu cha ukarabati na yeye jasho linamtiririka. “Dadangu, soma polepole, mkono uko ndani.”

Kile hakuna mtu alikuwa amemwambia ni kwamba tapeti huzifikii kwa juu. Unatoa manifoldi ya hewa, unatoa fimbo zote na kuzipanga kwa mpangilio, halafu unanyanyua vichwa vya injini vyenyewe, na kila kimoja ni kizito balaa. Tapeti ziko chini yake, zimeshikwa na vishikio vya plastiki vinavyozizuia zisijizungushe. Ya silinda namba 7 ilikuwa imekwama, umejikunja huo mwili haurudi. Tukaangalia kamshafti na tochi, nundu moja moja, akipitisha ukucha. Laini zote. Hapo tulinyamaza kidogo wote wawili, kwa sababu kama ingekuwa imelika, hiyo ilikuwa wiki nyingine na pesa ambayo hakuwa nayo.

Alibadilisha zote 16 na vishikio vyake. Kuweka moja tu ukiwa umeshafungua hapo ni kujitafutia. Gasketi mpya. Bolti mpya pia, maana zile kubwa huvutika zikikazwa na hazitumiki mara mbili: kila kichwa kina kubwa kumi na ndogo tano. Unaanzia katikati ukielekea nje, raundi ya kwanza kwa spana ya torki, zinazofuata kwa kupima nyuzi za mzunguko. Na kabla ya yote, unakausha matundu ya bolti. Maji au mafuta yakibaki chini, bolti inayashindilia na bloku inaweza kupasuka. Nilimsomea hiyo mistari mara tatu hadi akakasirika.

Siku nne za jioni. Vifaa vyote, oili na maji ya rejeta ndani, dola 1,150. Aliwasha kwanza bila kuruhusu petroli, injini izunguke tu mpaka presha ya mafuta ipande. Halafu akaiwasha kweli. Ilipiga kelele sekunde kadhaa, mimi roho mkononi, kisha ikatulia.

Kuna kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, kinaiambia kompyuta isilaze silinda yoyote. Hakitengenezi tapeti iliyokufa, lakini kinazipa mpya kupumzika. Alikiagiza siku hiyohiyo. Nikamkumbusha sasa atachoma dola 135 zaidi kila mwaka.

“Hizo nitalipa,” akasema. “Hizo nazijua.”

Karo ilifika siku nne baada ya shule kufunguliwa.