Kutoka komunike mpaka televisheni, na kurudi kwa komunike

Watu wengi wa Goma walimjua kwa sauti mbele ya kumjua kwa sura. Siku moja alifungua kinywa sokoni Virunga kuuliza bei ya sombe, na mama muuzaji akaacha kuhesabu pesa. "Ni wewe ule wa komunike?" Jina lake haliandikwi hapa kwa sababu ya usalama wake, lakini wasikilizaji wa zamani watamtambua. Ni mama wa watoto watatu. Amefanya kazi ya utangazaji zaidi ya miaka 15, kwanza redioni, kisha kwenye televisheni, na leo anaishi mbali na nyumba yake kama wengi wanaosoma habari hii.

Alizaliwa Masisi. Nyumbani kulikuwa na transista moja ya betri, na aliyeishika ni baba. Tangu Radio Okapi ilipoanza, tarehe 25 Februari 2002, saa ya habari za Kiswahili hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuongea. Yeye alikuwa anatwanga sombe nyuma ya nyumba na kurudia maneno ya watangazaji kwa sauti ya chini.

Alipopata diploma ya taifa mwaka 2009, baba alitaka asomee uuguzi. Yeye alitaka redio. Aliyekataa kwa nguvu ni mama. Alikuwa na sababu. Kule Bukavu, Serge Maheshe aliuawa Juni 2007 na Didace Namujimbo Novemba 2008, wote wawili wanahabari wa Radio Okapi. Agosti 2009, mwaka uleule wa diploma, Bruno Koko Chirambiza wa Radio Star naye akauawa. "Binti yangu," mama alimuuliza, "kazi zote hizi duniani, wewe umeona tu ile ya kufa juu ya maneno?" Mwishowe walikubaliana: mwaka mmoja wa kujaribu. Ikishindikana, uuguzi.

Alianza staji kwenye redio moja ndogo ya Goma. Kazi ya kwanza haikuwa kusoma habari. Alifagia studio, alibeba mafuta ya jenereta, aliandika kwenye daftari majina ya watu waliokuja kulipia komunike: kifo, mbuzi aliyepotea, kadi ya uchaguzi iliyookotwa, mkutano wa wazazi wa shule. Redio ndogo zinaishi kwa pesa za komunike, na mara nyingi anayezisoma ni yule mgeni ambaye bado hajaaminiwa na habari. Miezi sita alifanya kazi bila mshahara. Mwezi wa saba alipewa dola 20 za usafiri. Jioni alikuwa anafuata masomo ya uandishi wa habari, akienda kwa miguu ili kuokoa pesa ya motari.

Ni komunike iliyomfundisha kazi. Novemba 2012, vita viliposhuka kutoka Kibumba na watu kukimbilia Goma kwa maelfu, watoto wengi walipotea njiani. Redio ilisoma majina yao asubuhi na jioni. Mtoto mmoja wa kiume alikuwa ameokotwa na mama mmoja huko Kibati, kaskazini mwa mji. Karatasi ilikuwa imelowa mvua, na mtangazaji alisoma haraka: Kibabi. Kibabi iko Masisi, upande mwingine kabisa. Mama wa mtoto alikuwa Sake, akasikia jina la mtoto wake, akapanda milima siku ileile.

Siku ya tatu alifika kwenye redio, viatu mkononi, miguu imevimba. Hakutukana mtu. Aliuliza tu: "Dada, ni Kibati ao ni Kibabi?" Mtangazaji akatafuta karatasi, akaisoma tena mbele yake, na akajibu ukweli. Mtoto alipatikana jioni ile, mzima. Lakini tangu siku ile mtangazaji hakusoma tena jina la kijiji mara moja. Anataja kijiji, groupement na territoire, anavuta pumzi, anarudia.

Baadaye alipandishwa kwenye chumba cha habari. Huko alikuta shida nyingine. Habari nyingi zinakuja kwa Kifaransa, na msomaji wa Kiswahili anazitafsiri mwenyewe, mara nyingine dakika kumi kabla ya kuingia hewani. Alijifunza kwamba kila neno lina miguu. Ukisema "risasi zimesikika karibu na Sake," watu wanafunga mizigo na kusubiri. Ukisema "vita vimefika Sake," wanaondoka usiku huo, na wazee na wagonjwa wanabaki. Kwa hiyo kila mara aliuliza: nani amesikia, saa ngapi, alikuwa wapi? Aliacha pia kuwaita watu wa kambini "wakimbizi" bila kuongeza neno. Mzee mmoja wa kambi ya Mugunga alimwambia: "Mkimbizi ni yule aliyevuka mpaka. Mimi niko katika nchi yangu, nimefukuzwa tu shambani kwangu." Toka hapo alisema "wakimbizi wa ndani," hata kama sentensi inakuwa ndefu.

Kulikuwa pia na bahasha. Mwanahabari wa Congo anaijua: unaenda kwenye warsha au kwenye mkutano wa mwanasiasa, na mwishoni unapewa pesa inayoitwa "coupage." Kwa mtu ambaye mshahara wake unachelewa miezi mitatu, bahasha ile ni unga wa watoto. Hajifanyi malaika. Zingine alizipokea, na anasema wazi kwamba habari aliyoisoma baada ya bahasha haikuwa sawa na ile aliyoisoma bila bahasha. Ndiyo sababu, anasema, mshahara wa mwanahabari ni jambo la msikilizaji pia.

Televisheni ilikuja alipokuwa ameshazoea kufichwa na mikro. Ghafla aliulizwa juu ya kitenge, nywele, namna ya kukaa. Faida ilikuwa heshima mtaani na mshahara mzuri kidogo. Hasara ni kwamba uso hauna mahali pa kujificha.

Mlima Nyiragongo ulipotema moto, Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 jioni, majirani walikuja mlangoni kwake kabla hajajua lolote. Waliamini kwamba mtu anayesoma habari ana habari. Hakuwa nazo. Siku tano baadaye, tarehe 27, gavana wa kijeshi aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamishwe, kuelekea Sake. Yeye ndiye aliyesoma orodha kwa Kiswahili. Majengo, alipokuwa anaishi, ilikuwamo. Alisoma mpaka mwisho, akarudia yote mara ya pili, kisha akatoka mbio kutafuta watoto wake.

Januari 2025 haikumpa nafasi ya kusoma orodha. Wapiganaji wa M23 walipoingia Goma, tarehe 27, umeme na maji vilikatika, intaneti pia, na kituo chake kikanyamaza. Siku zilizofuata alipigiwa simu na namba asiyoijua: arudi kazini, habari zimeshaandikwa, yeye asome tu. Hakujibu ndiyo wala hapana. Mwezi wa pili aliondoka na watoto, na mabegi mawili. Diploma iko ndani ya begi moja. Kadi ya kazi aliichoma jikoni.

Leo anauza unite na mandazi mbele ya chumba anachopanga. Mwezi wa kwanza aliongea kidogo sana, akiogopa sauti yake. Lakini jirani mmoja, aliyetoroka kambi za Goma, alimtambua kwa namna alivyotaja jina la kijiji mara mbili. Kesho yake alileta picha ya binti yake aliyepotea njiani.

Sasa anarekodi komunike kwa simu, na zinatumwa katika vikundi vya WhatsApp vya makanisa na vya watu wa kijiji kimoja. Halipwi. Anataja jina la mtoto, jina la baba, kijiji, groupement, territoire, halafu anarudia. Kitu kimoja amebadilisha: hasemi tena mtoto analala wapi, kwa sababu si kila anayesikiliza ni mzazi. Anasema tu namba ya kuuliza, na anayepiga lazima aeleze alama ambayo ndugu peke yake ndiye anaijua.

Vijana wanamfuata na kumuuliza kama wana sauti nzuri ya redio. Huwa anawapa karatasi yenye majina kumi ya vijiji na kuwaambia wasome. Anayesoma haraka anarudishiwa karatasi. Binti wa jirani bado hajapatikana. Komunike yake inasomwa kila Jumatatu.