Friji imejaa, lakini chakula kimetoka jalalani

Friji ndiyo iliyomfichua. Ilikuwa Jumapili jioni mwezi Machi, binti akiwa chumbani kwake Leipzig, Ujerumani, na mama yake akiwa barazani Tanga, wakiongea kwa simu ya video kama kawaida yao ya kila wiki. Binti aliinuka kuchukua maji, simu ikiwa mkononi. Mlango wa friji ulipofunguka, mama aliona pilipili hoho zimejaa droo nzima, mikate sita, mtindi makopo kumi na zaidi, na chane ya ndizi zenye madoa meusi.

"Mwanangu, umefungua genge?" mama aliuliza akicheka.

Binti naye alicheka, lakini kicheko kilikatika haraka. Wiki iliyotangulia alikuwa amelalamika kwamba kazi yake ya usafi hotelini imepunguzwa saa. Sasa shehena hii imetoka wapi? Mama aliyefundisha shule ya msingi kwa miaka 34 anamjua mtoto anayetafuta uongo wa kusema.

"Mama, usikasirike. Nimeokota."

"Umeokota wapi?"

"Nyuma ya supamaketi. Kwenye mapipa ya taka."

Mama hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Nitakupigia kesho," akakata simu.

Usiku ule hakulala. Kwetu, mtu anayefunua pipa la taka kutafuta chakula ni mtoto wa mtaani au mgonjwa wa akili. Binti wa watu, mwenye shahada ya kwanza na anayesomea ya pili Ulaya, anaokota chakula jalalani? Majirani waliokuja kumuaga wakisikia watasema nini?

Lakini si majirani waliomnyima usingizi. Kila mwisho wa mwezi binti huyu hutuma euro 80 nyumbani, kwa ajili ya dawa za presha za mama na mahitaji ya shule ya mdogo wake aliye kidato cha tano. Hajakosa hata mwezi mmoja. Ina maana huku wanakula pesa yake, na yeye anakula kwenye pipa?

Kesho yake jioni mama alipiga. Baada ya shikamoo na marahaba, alimwambia mwanawe aeleze kila kitu tangu mwanzo.

Ilianza mwezi Oktoba, binti alisema. Wenzake wawili anaokaa nao, Wajerumani, walimwalika usiku mmoja watoke na mabegi ya mgongoni na tochi. Wenzake hao si maskini. Wanafanya hivyo kwa sababu wanachukia kuona chakula kizima kinatupwa, na huko jambo hilo lina jina lake kabisa, "containern". Alichokiona kwenye mapipa kilimshangaza. Wavu mzima wa machungwa umetupwa kwa sababu ya chungwa moja lililooza. Trei ya mayai imetupwa kwa sababu ya yai moja lililopasuka. Mikate ya asubuhi ile ile imetupwa kwa sababu kesho inaoka mingine.

Hakuwa anatia chumvi. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2024 inasema kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula. Na kabla hatujawanyooshea kidole wenye maduka, asilimia 60 ya chakula hicho ilitupwa majumbani.

"Sawa," mama alisema. "Na tumbo je?"

Hapo binti alichelewa kujibu. Mwezi Januari aliokota pakiti ya samaki wa kukaushwa kwa moshi. Haikuwa imefunguliwa, tarehe ilikuwa imepita siku mbili tu, na alipoinusa hakuona tatizo. Aliharisha na kutapika siku tatu. Mtihani mmoja ukampita, na nyumbani alisema ana mafua.

Kosa lake ni ambalo wengi tunalifanya hata jikoni kwetu: kuiamini pua. Vijidudu vingi vinavyoleta ugonjwa havibadilishi harufu wala ladha ya chakula. Samaki, nyama, maziwa na wali uliopikwa vikikaa kwenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, vijidudu huzaana kwa kasi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kukichemsha tena si dawa ya kila kitu, kwa sababu sumu ya baadhi ya vijidudu haiharibiwi na moto. Kuna pia kijidudu kiitwacho listeria kinachoendelea kukua hata ndani ya friji, na kwa mama mjamzito kinaweza kusababisha mimba kutoka.

Tarehe nazo zinachanganya. Ulaya ziko za aina mbili. Ya kwanza inamaanisha "ni bora kabla ya siku hii", na huwekwa kwenye tambi, biskuti, mchele au mtindi. Siku hiyo ikipita, ubora unaweza kupungua, lakini chakula kilichotunzwa vizuri mara nyingi bado kinalika. Ya pili inamaanisha "mwisho wa kutumia", na huwekwa kwenye vitu vinavyoharibika upesi kama nyama ya kusaga na kuku mbichi. Hiyo ikipita, chakula hicho si cha kubahatisha. Na kopo lililovimba halionjwi hata kwa ncha ya ulimi, liwe la dukani au la kuokota.

Baada ya ugonjwa ule binti alijiwekea masharti: hagusi nyama, samaki wala kitu kilichofunguliwa. Mkate wenye ukungu anautupa wote, kwa sababu ukungu huingia ndani kuliko jicho linavyoona.

"Na polisi?" mama aliuliza.

Swali hilo lilikuwa na uzito kuliko alivyojua. Ujerumani, kilichomo kwenye pipa la duka huhesabiwa bado ni mali, na kukichukua kunaweza kuwa wizi. Wanafunzi wawili wa jimbo la Bavaria walitiwa hatiani mwaka 2019 kwa kuchukua chakula kwenye pipa lililofungwa la supamaketi. Waliamriwa kufanya kazi za kijamii saa 8, na wakaonywa kwamba wakirudia watalipa faini ya euro 225 kila mmoja. Walikwenda hadi Mahakama ya Katiba, na mwaka 2020 ikawakatalia. Ufaransa imechukua njia nyingine: tangu mwaka 2016 sheria inazikataza supamaketi kubwa kuharibu chakula kinacholika, na inazitaka ziwe na makubaliano ya kukigawa kwa mashirika ya misaada.

Kwa mwenye kibali cha mwanafunzi, mgeni katika nchi ya watu, kesi ya wizi si jambo la kuchezea. Binti alilijua hilo. Kila taa ya gari ilipopita uchochoroni, alisema, moyo ulimpasuka.

"Sasa kama huna, kwa nini ulikuwa unatuma?"

"Mngesema nimewasahau, mama."

Mama alivua miwani akaifuta. Kisha akamsimulia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtoto wake yeyote. Mwaka 1974, mvua ilipogoma na chakula kikawa adimu nchini, alikuwa na miaka minane. Bibi yake alikuwa akimwamsha alfajiri, wanakwenda kwenye ghala ambako magunia ya mahindi yalishushwa. Waliokota punje zilizomwagika chini, moja moja, wakarudi nyumbani kabla watu hawajaamka. Zikapepetwa, zikaoshwa mchanga, zikatwangwa.

"Sikuona haya kwa kuokota," mama alisema. "Niliona haya kwa sababu bibi aliniambia nisimwambie mtu. Wewe usinifiche tena. Na usitume pesa mpaka Juni. Pensheni yangu inatosha dawa."

Binti alibisha. Mama akatumia sauti ya darasani, na ubishi ukaisha.

Zipo njia nyingine ambazo binti alikuwa akizikwepa kwa aibu. Ujerumani kuna vituo zaidi ya 900 vinavyokusanya chakula kinachobaki madukani na kuwapa wenye kipato kidogo, wakiwemo wanafunzi wanaothibitisha hali zao. Kuna pia friji na makabati ya mitaani ambako watu wa kujitolea huweka chakula walichokabidhiwa na wenye maduka kwa makubaliano. Ni mkate ule ule na pilipili hoho zile zile, ila havipitii kwenye pipa na havina kesi.

Wazazi wengi wana mtoto mbali na nyumbani, awe Ulaya, Uarabuni au chuoni Dodoma. Tunauliza masomo yanaendaje, tunauliza kazi, tunauliza pesa itaingia lini. Ni wangapi tunauliza, "Leo umekula nini?" na kusubiri jibu la kweli?

Jumapili iliyofuata mama alisema mara tu simu ilipopokelewa, "Fungua friji nione." Ndani mlikuwa na nusu kabichi, mayai, sufuria ya maharage na mikate miwili.

"Hiyo mikate umenunua?"

"Hapana, mama. Ni ya friji ya mtaa."

"Haya. Ipashe moto, ule."

Mdogo wake alikuwa amekaa pembeni, amekuja likizo, na mama alikuwa ameshamweleza yote. Mwezi uliopita alikuwa ameomba anunuliwe simu mpya. Hakuiulizia tena.