Bakuli la Hawaii na Sinia ya Nyumbani



Mzazi mwenye mtoto ughaibuni aghlabu huuliza mambo matatu katika simu: Mnaswali? Mna afya? Mnakula nini? Swali la tatu ndilo lijibiwalo kwa ufupi zaidi, na ndilo limkoseshalo mama usingizi. Mwaka huu Mwenyezi Mungu alitujaalia, sisi na ahali yetu, kumzuru binti yetu aliyeolewa mjini Seattle, Marekani, tukajionea wenyewe.

Jambo lililomwuma ahali yetu tangu tulipowasili ni mjukuu wetu wa kike, mwenye umri wa miaka 12. Sinia ikitandikwa, yeye hujipakulia sahani yake, akaingia nayo chumbani na kufunga mlango. Nyanya mtu amesafiri siku nzima angani ili ale na wajukuu, na mjukuu yuko nyuma ya mlango. Hakumlaumu mtu, lakini usiku tulimsikia akishusha pumzi.

Siku moja msichana huyo akatuomba tukale mahali apapendapo. Tulikuta mkahawa mdogo usio na wahudumu wa mezani. Mteja hupanga mstari mbele ya kioo kirefu ambacho nyuma yake vimepangwa vyakula vya kila rangi. Huchagua kwanza wali au majani ya saladi, kisha samaki, kisha mboga na matunda, na mwisho sosi. Kila mtu hutoka na bakuli lisilofanana na la mwenzake.

Chakula hicho huitwa poke, na hutamkwa kama kisomwavyo kwa Kiswahili. Asili yake ni visiwa vya Hawaii, na maana ya neno hilo katika lugha ya wenyeji ni kukata vipande. Wavuvi wa huko walikata samaki mbichi wakamchanganya na chumvi, mwani na kokwa za kukui zilizochomwa na kupondwa. Katika karne ya 19 mashamba ya miwa yalileta vibarua kutoka China na Japani, na kwa mikono yao zikaingia sosi ya soya na mafuta ya simsim. Sisi watu wa pwani hatuna la kushangaa hapo, kwani pilau, biriani na sambusa zetu nazo zilikuja na wageni zikawa wenyeji. Hata vyakula vya kale vya Hawaii, yaani nazi, majimbi na shelisheli, ni vyakula tuvijuavyo. Mwani nao hulimwa na kina mama wa Kibuyuni, Kwale, ingawa wengi wetu hatujauonja. Huko Hawaii kwenyewe samaki huyo aghlabu huuzwa akiwa tayari amekolezwa. Desturi ya mteja kujipangia bakuli ilienea zaidi Marekani bara.

Kwa madhehebu ya Imam Shafi'i, yafuatwayo na wengi wa pwani yetu, viumbe vya baharini ni halali. Kwa hivyo jodari, samoni na kamba havikututia shaka. Kuku tulimwacha, kwa kuwa mchinjaji wake hakujulikana. Shaka kubwa hujificha katika sosi. Wajapani wana kiungo kiitwacho mirin, ambacho ni mvinyo mtamu wa mchele, nacho hutiwa katika sosi za unagi na ponzu. Nyama ya kaa ya bandia, ambayo kwa hakika ni samaki aliyesagwa, nayo baadhi ya viwanda huitia kiungo hicho.

Tulipokuwa tukijiandaa kuuliza, mjukuu wetu alitutangulia. Alimwomba kijana wa nyuma ya kioo alete chupa, akaisoma maandishi yake yote, kisha akamgeukia nyanyake: "Nyanya, hii usitie, ina mvinyo. Chukua ndimu na simsim." Akamwagizia kamba waliopikwa, kwa kuwa alijua nyanyake hali samaki mbichi. Mamake, ambaye ni mja mzito, alimkumbusha vivyo hivyo, maana madaktari huwakataza waja wazito samaki mbichi. Ahali yetu alimtazama mtoto yule, na uso wake ukakunjuka.

Tulipoketi, kila mmoja na bakuli lake, msichana yule alizungumza kuliko siku zote tulizokaa naye. Alituonjesha mwani, akatuuliza jodari huvuliwaje kwetu. Hapo tukakumbuka kwamba Surat Nur imetuondolea lawama, tukila pamoja au mbalimbali. Ni kweli pia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaelekeza walaji wasioshiba wakusanyike na wamtaje Mola wao, ili wapate baraka. Mambo hayo mawili hayapingani. Kinachowatenga watu wa nyumba si bakuli, bali ni mlango uliofungwa.

Jioni ile binti yetu alipitisha kauli nyumbani kwake: apendaye sinia ale sinia, apendaye bakuli ale bakuli, ila wote juu ya mkeka mmoja na simu zikae kando. Msichana alinung'unika kidogo, kisha akaja. Siku ya tatu mkono wake ulikuwa ndani ya sinia, ukifuata kipande cha samaki kilicho upande wa nyanyake.

Mama atakaye kuwafurahisha wanawe anaweza kuandaa bakuli hilo hapa Mombasa, Lamu au Malindi. Apike wali, amkaange jodari kidogo, kisha apange embe, matango, avokado, kitunguu, dania na simsim katika vibakuli, na ndimu pembeni. Samaki mbichi wa sokoni aliyeshinda juani asithubutu kumpa mtoto bila kumpika. Amwachie kila mtoto achague, na amwulize kwa nini amechagua hiki akaacha kile. Mtoto aliyezoea kuulizwa nyumbani hataona haya kuuliza ugenini, ambako mama hayuko mbele ya kioo.

Mola azikusanye nyumba zetu katika kheri. Wabillahi tawfiq.