Kiswahili Jikoni: Ndizi Zilizoiva Mno na Mkate wa Sega

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kiswahili kiliingia Kigali pamoja na askari, makarani na wachuuzi waliofuatana na Wajerumani, na mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt. Tangu hapo kimekaa sokoni, katika vituo vya mabasi, na katika mitaa ya Biryogo na Nyamirambo. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda likakipa cheo cha lugha rasmi. Hapana shaka, basi, kwamba mgeni huyu amekwisha maliza siku zake mbili. Hata hivyo, kwa wanafunzi wetu wengi angali ameketi sebuleni na daftari la mtihani mapajani, wala hajapata kukaribishwa jikoni.

Nayasema haya kwa sababu ya mwanafunzi mmoja. Nafundisha Kiswahili kwa watu wazima, na miongoni mwao alikuwamo mama kijana aliyeolewa katika nyumba moja ya Biryogo ambamo Kiswahili ndicho lugha ya mlo na ya maongezi. Alama zake zilikuwa nzuri, na ngeli za majina alizitaja bila kusita. Jioni moja alingoja wenzake watoke, kisha akaniambia: “Mwalimu, mama mkwe wangu ananipenda, lakini tukiwa jikoni mimi ni bubu. Juzi alinituma kawa, nami nikampelekea mwiko. Alicheka, akaenda kulitwaa mwenyewe. Tangu siku ile haniagizi kitu.”

Haniagizi kitu! Yeyote aliyelelewa katika nyumba ya Waswahili aelewa uzito wa maneno hayo. Mkwe asiyetumwa hajawa mtu wa nyumbani. Vitabu vyetu vingi humfundisha mwanafunzi kuandika barua ya kuomba kazi kabla ya kumfundisha kuomba chumvi.

Niliwaalika wanafunzi wangu wote nyumbani Jumamosi iliyofuata. Jikoni palikuwa na chane la ndizi zilizoiva mno, ganda limekuwa jeusi, na chuma cha kuokea mikate ambacho rafiki yangu aliniletea kutoka Ubelgiji. Sharti lilikuwa moja: kisichoweza kutajwa kwa Kiswahili hakitiwi bakulini.

Tulianza na ndizi. Ndizi mbichi imejaa wanga, na kadiri inavyoiva wanga huo hugeuka sukari. Kwa hiyo ile ambayo mnunuzi huikataa sokoni kwa madoa yake ndiyo tamu kupita zote. Mnyarwanda huiita ndizi mbivu umuneke, na anapotaka kutengeneza pombe ya urwagwa huzifukia ndizi shimoni zipate kuiva, kazi aiitayo gutara. Kiswahili nacho kina kitenzi chake, kuvumbika. Wanafunzi walilipokea neno hilo kwa furaha, maana kazi yenyewe waliijua tangu utotoni. Kilichokosekana ni jina tu.

Kisha vitenzi vilifuatana kama watu katika msafara. Tulimenya ndizi tatu, tukaziponda hata zikawa rojo. Tulichekecha vikombe viwili vya unga wa ngano, tukatia hamira kijiko kimoja cha chai na chumvi kidogo. Tulivunja mayai mawili, tukayapiga, tukaongeza kikombe kimoja cha maziwa ya uvuguvugu na vijiko vinne vya siagi iliyoyeyushwa. Sukari hatukutia, kwa kuwa ndizi zilikuwa nayo ya kutosha. Tulikoroga vyote, tukafunika, tukaacha saa nzima viumuke. Wakati huo tulikaanga karanga nusu kikombe, tukazipuria maganda, tukazitwanga kinuni. Hapo palizuka somo ambalo sikulipanga: kutwanga si kusaga, wala kuponda si kutwanga. Karanga zilitakiwa zibaki chengachenga, ziweze kutafunika, na aliyezidisha mchi alionyeshwa tofauti hiyo kwa ulimi wake mwenyewe.

Chuma kile kina mabamba mawili yenye vishimo vya mraba. Tulikipasha moto juu ya jiko la makaa, tukakipaka siagi, tukamimina upawa mmoja wa rojo, tukanyunyiza karanga, tukafunga. Moto sharti uwe wa wastani, kwa kuwa sukari ya ndizi huungua upesi. Baada ya dakika tatu hivi chuma hugeuzwa upande wa pili. Na mvuke unapokoma kutoka, mkate umeiva.

Ndipo likaja swali: mkate huu tuuiteje? Wabelgiji wanaosema Kifaransa huuita gaufre, na miji ya Brussels na Liège kila mmoja una namna yake ya kuupika. Mmoja alisema tulitohoe neno hilo, yaishe. Mwingine alikumbusha kwamba Waswahili hutaja mikate yao kwa chombo au kwa namna ya upishi: mkate wa mofa, mkate wa sinia, mkate wa kumimina, na kwamba vitumbua navyo hupata umbo lake katika vishimo vya chuma. Mama yule wa Biryogo aliuinua mkate wake, akautazama kwenye mwanga, akasema: “Huu ni mkate wa sega.” Nilistaajabu, kwa kuwa asili ya neno gaufre katika lugha ya kale ya Wafranki yahusishwa na sega la asali. Mwanafunzi wetu alikuwa ameliona kwa macho yake jambo ambalo wapishi wa Ulaya waliliona karne nyingi zilizopita.

Aliniazima chuma kile. Wiki chache baadaye alinisimulia kwamba mama mkwe alikuwa amemwita kutoka uani, “Mwanangu, njoo unichekechee unga,” naye akaenda. Alipokuwa akinisimulia alitumia kitenzi kile kwa kauli ya kutendea bila kufikiri, jambo ambalo ubaoni lilikuwa limetuchukua majuma mawili.

Ndugu walimu, sisemi tuiache sarufi. Sarufi ndiyo uti wa mgongo wa kazi yetu. Ninalosema ni kwamba lugha rasmi huishi kwa amri ya sheria, lakini lugha ya nyumbani huishi kwa kutumana. Tuwafundishe wanafunzi wetu kawa, upawa, mchi na chekecheo mapema, wakati mmoja na ngeli zake, ili siku watakapotumwa jikoni warudi na kile walichotumwa.