Mlima wa Arunachala na Kaburi la Mama

Sisi wa mashariki ya Kongo twawajua Wahindi kwa maduka yao: vitambaa, taa, misumari, masufuria. Lakini katika nchi yao kuna desturi moja ya kale isiyohusika na biashara hata kidogo, yaani kuacha nyumba na mali na kwenda kukaa mahali pa upweke, penye miti au mawe, ili kumtafuta Mungu kwa kunyamaza. Mahali pa namna hiyo huitwa ashram. Wakristu wengi wamekwisha kufanya mafungo ya siku tatu au nane. Katika ashram wenyeji wako katika mafungo maisha yao yote, na mgeni hukaribishwa kukaa nao siku chache.

Ashram tunayotaka kuieleza iko Tiruvannamalai, mji wa Tamil Nadu, kusini mwa Bara Hindi, kilomita 190 hivi kutoka Chennai. Kabla ya kuufikia mji msafiri huuona mlima. Umesimama peke yake katika nchi tambarare, mita 800 na zaidi kidogo, umejaa mawe makubwa yaliyochomwa na jua. Jina lake ni Arunachala. Wahindu hawasemi tu kwamba mungu wao Shiva akaa juu yake. Wasema kwamba mlima wenyewe ndiye Shiva. Kwa hiyo ibada yao hasa ni kuuzunguka kwa miguu mitupu, mwendo wa kilomita 14, wakiuacha daima mkono wa kuume. Usiku wa mwezi mpevu njia ile hujaa watu wasiohesabika. Na mara moja kwa mwaka, mwezi wa Novemba au Desemba, moto mkubwa wa samli huwashwa kileleni, nao huonekana mbali sana.

Upande wa kusini, mlima unapoanza kupanda, ipo ashram ya Ramana Maharshi. Habari ya mtu huyo yafaa ielezwe kwa urefu, hasa kwa wazazi.

Alizaliwa mwaka 1879, akaitwa Venkataraman. Baba yake alifariki mwaka 1892, naye akalelewa kwa ndugu ya baba yake huko Madurai. Mwaka 1896, akiwa kijana wa miaka 16, hofu ya kufa ilimshika ghafula. Alijilaza chini kama maiti, akajiuliza: mwili huu ukifa, ni nani hasa anayekufa? Toka siku ile masomo hayakumwingia tena, hata kaka yake akamkemea. Ndipo alipochukua rupia tatu katika tano alizopewa za karo ya kaka yake, akaacha mbili pamoja na kibarua kusema kwamba anaenda kumtafuta Baba yake kwa amri yake, wala asitafutwe. Akapanda gari moshi. Tarehe 1 Septemba aliingia Tiruvannamalai, na hakuondoka tena mpaka alipokufa mwaka 1950.

Mama yake, Alagammal, mjane, alibaki akiulizia huku na huku. Mwaka 1898 alipata habari, akaja na mwanawe mkubwa. Akamkuta juu ya jiwe, mwili mchafu, nywele zimesokotana, kimya. Alimsihi siku nyingi, akalia mbele ya watu. Kijana hakufungua kinywa. Mwishowe mmoja wa waliokuwapo alimpa karatasi na kalamu, naye akaandika kwamba lisilopangwa halitatokea, na lililopangwa hakuna awezaye kulizuia. Mama akarudi nyumbani.

Wafuasi wake waisifu sana barua ile. Mimi siwezi kuisifu. Naona ukweli ndani yake, lakini mama aliyesafiri mbali namna ile alistahili kusikia sauti ya mtoto wake. Maria naye alimtafuta Yezu siku tatu kwa uchungu, naye Yezu alimjibu. Na jibu lile, ijapokuwa gumu, lilitoka kinywani mwake, kisha akashuka pamoja nao Nazareti.

Tena habari haikukoma hapo. Mwana mkubwa alikufa mwaka 1900. Mwaka 1916 mama alirudi mlimani, safari hii si kumchukua mtoto bali kukaa naye. Wakati ule Ramana aliishi katika pango. Baadaye kidogo walihamia juu zaidi, mahali paitwapo Skandashram, penye chemchemi na kivuli, ambapo mtu akaapo huona chini yake mji mzima na minara ya hekalu kubwa, mmoja wenye mita 66. Mama akaanza kupika. Kabla yake wakaaji walikula walichopewa kwa kuomba mjini. Sasa pakawa na jiko. Mdogo wake Ramana naye akaja. Jamaa iliyoachwa ikakusanyika tena juu ya mawe.

Tarehe 19 Mei 1922 Alagammal alikufa, mwana amekaa karibu naye mchana kutwa, mkono mmoja kifuani pake na mmoja kichwani. Walimzika chini ya mlima. Ramana akawa anashuka kila siku kwenda kaburini, hata siku moja mwaka uleule hakupanda tena. Vibanda vikajengwa pale, kisha majumba. Hivyo ashram hii, ambayo watu wa Ulaya na Marekani huifikia wakitafuta upweke, imezunguka kaburi la mama. Hekalu lililojengwa juu yake lilikamilika mwaka 1949.

Mwaka huohuo, mwezi wa Januari, walifika hapo mapadri wawili Wafaransa, Jules Monchanin na Henri Le Saux, mtawa wa Mtakatifu Benedikto. Mwaka 1950 wao wenyewe walianzisha makao ya sala ya Kikristu kandokando ya mto Kaveri, yaitwayo Shantivanam, maana yake msitu wa amani. Kuanzia mwaka 1952 Le Saux alirudi Arunachala mara kwa mara, akakaa peke yake mapangoni. Alikufa Bara Hindi mwaka 1973, bila kurudi kwao.

Je, Mkristu aweza kukaa pale bila kupoteza imani? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965, wasema kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini hizo, nao wawataja Wahindu kwa jina. Lakini tofauti ni kubwa, wala haifai kuificha. Ramana alifundisha kuuliza "Mimi ni nani?" mpaka muulizaji mwenyewe atoweke. Sisi hatungoji kutoweka. Twaamini kwamba tumeitwa, kila mmoja kwa jina lake, na Mungu aliyesema.

Siku hizi mji umekua, na honi za magari hufika hata mlimani. Kwa upande mwingine, miteremko iliyokuwa mitupu imepandwa miti tangu miaka ya 1980, ingawa moto wa kiangazi huiteketeza mara nyingi. Tausi na kima hutembea uani bila woga. Asubuhi na jioni huimbwa maandiko ya kale. Mgeni hadaiwi malipo. Hula sakafuni, chakula kisicho na nyama, juu ya jani. Lakini kila siku, kabla ya wageni kuitwa, chakula kutoka jikoni hugawiwa kwanza kwa maskini na waombaji wanaongoja kwa mstari.