Singapore kwa Muda wa Saa Nane

Kisiwa cha Singapore kiko karibu mno na ikweta, na joto lake ni lile lile la pwani yetu: shati hugandamana na mgongo kabla ya saa tatu asubuhi. Sajini mmoja mstaafu wa Dar es Salaam na mkewe walitazamia ugeni walipotoka uwanja wa ndege wa Changi. Wakapokewa na hewa ya nyumbani. Walikuwa na muda wa saa nane kabla ya kupanda ndege nyingine kwenda Perth, Australia, kwa binti yao.

Bwana alitaka kuuona mnara wa vita. Bibi alitaka soko. Miaka mingi alipoishi kota za askari aliuza vitumbua na wali kando ya barabara, na mara tatu meza yake iliondolewa. Alikuwa amesikia kwamba Singapore hakuna apikaye barabarani, naye akataka kujua watu wale walipelekwa wapi. Kwa bahati, yote mawili yako katika njia moja ya treni.

Waliteremka kituo cha City Hall. Mnara uko karibu hapo: nguzo nne nyeupe, urefu wake zaidi ya mita 60, zimesimama bega kwa bega. Ni nguzo za Wachina, Wamalay, Wahindi na jamii nyinginezo. Waingereza walisalimu amri kwa Wajapani kisiwani humo tarehe 15 Februari, 1942, na katika miaka mitatu na nusu iliyofuata raia wengi waliuawa. Mifupa yao ilianza kufukuliwa mwaka 1962, ikazikwa upya chini ya mnara huo, uliozinduliwa tarehe 15 Februari, 1967, miaka 25 kamili baada ya siku ile. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya kuwaingiza vijana wa kiume jeshini, nayo ingali inatumika: hutumikia miaka miwili. Sajini alivua kofia, akasimama wima kwa muda mrefu kuliko mkewe alivyotazamia.

Kutoka hapo walitembea hadi ghubani. Liko jengo la minara mitatu lenye bustani na bwawa la kuogelea juu kabisa, yuko na simba mwenye mkia wa samaki atemaye maji. Hayo kila kadi ya posta huyaonyesha. Ajabu kubwa zaidi ni maji yenyewe. Mto unaoingia hapo ulikuwa ukinuka kwa taka za mizizi ya mji mzima, mpaka mwaka 1977 Waziri Mkuu Lee Kuan Yew alipotoa muda wa miaka kumi usafishwe. Matishari yaliyopakua shehena kwa vizazi yalihamishwa mwaka 1983, na wachuuzi wa kandokando nao wakaondolewa. Tangu lilipokamilika boma la kuzuia bahari mwaka 2008, ghuba limegeuzwa kuwa hazina ya maji matamu.

"Na wachuuzi, baba?" akauliza Bibi.

Jibu lilikuwa Geylang Serai, katika jengo la soko la Wamalay. Chini huuzwa nyama, samaki na viungo. Juu kuna vibanda vya chakula. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi 1986 serikali iliwahamishia wachuuzi katika majengo ya namna hiyo, yenye paa, umeme, mabomba na mitaro. Leo yako zaidi ya mia.

Mama mwenye kibanda aliwakaribisha: "Apa khabar?" Bibi akaitikia "Nzuri!" kabla hajatambua kwamba hakusalimiwa kwa Kiswahili. Kilicholetwa mezani (na meza yenyewe Wamalay huiita meja) kilikuwa wali wa nazi uliotiwa harufu kwa majani ya pandan, dagaa wa kukaanga, karanga, yai, tango na pilipili ya kusaga. Sajini alikula sahani mbili, akainuka kuondoka. Mzee wa meza ya jirani akamwonyesha kwa kidole mahali pa kurudishia sinia. Tangu mwaka 2021 asiyerudisha aweza kutozwa faini.

Bibi hakuwa na habari na chakula. Alitazama bomba, beseni, na tundu la mtaro chini ya jiko. Kijana mmoja akawatafsiria kwa Kiingereza, na Sajini kwa Kiswahili. Kibanda kilikuwa cha mama yake yule mwanamke. Je, atakirithi nani? Akacheka kidogo. Binti yake yuko ofisini, naye hataki kuamka saa tisa usiku kukuna nazi.

"Mwambie wangu wangekitaka," Bibi akasema. Sajini hakulitafsiri hilo.

Kisha Bibi akakipima kibanda kwa hatua, akaagiza vipimo viandikwe kwa ajili ya wenzake wanaopika nje ya kota. Karatasi ikawa haipo ila kipande cha tiketi ya ndege. Katika treni ya kurudi Changi, saa sita na nusu mchana, Sajini alikuwa bado akichora kwa kalamu ya wino mahali pa bomba, na mkewe akimsahihisha upande wa mtaro.